Mteja akiuliza akili mnemba, programu ya nani itatajwa?

Biashara ya programu za simu imepata dalali mpya, na dalali huyu hapigiwi simu wala hapozwi kwa chai. Ni wasaidizi wa akili mnemba kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, na Gemini ya Google, ambayo ilipokuwa ikiitwa Bard iliongezewa Kiswahili Julai 2023. Mtu anayetafuta programu ya kazi fulani humwuliza msaidizi huyo kwa maneno yake mwenyewe, naye hutajiwa mbili au tatu. Zilizobaki, kwa mteja huyo, ni kama hazipo sokoni.

Kwa mikoa ya Shinyanga na Geita jambo hili linagusa mzani moja kwa moja. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na Kahama nako dhahabu ya wachimbaji wadogo huuzwa sokoni. Bei ya dunia hutangazwa kwa dola na kwa wakia, wakati muuzaji hupima kwa gramu na kulipwa kwa shilingi. Katikati kuna hesabu ya usafi wa dhahabu, thamani ya dola, mrabaha na ada. Hiyo ni kazi ambayo programu nzuri ya simu huimaliza kwa sekunde chache.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina mtego. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, si gramu 28.35 za wakia ya kawaida. Gramu 100 zenye usafi wa asilimia 80 zina gramu 80 za dhahabu tupu, yaani wakia 2.57. Anayetumia wakia ya kawaida atapata 2.82, na ataamini mzigo una thamani ya karibu asilimia 10 zaidi ya ilivyo. Broka akinunua duarani kwa hesabu hiyo, faida yake imekwisha kabla hajafika sokoni. Kwa hiyo programu itakayotajwa na msaidizi si suala la mwenye programu peke yake.

Msaidizi hupata majibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni maandishi aliyofundishwa nayo, ambayo yana tarehe ya mwisho. Ya pili ni kutafuta mtandaoni wakati ule ule anapoulizwa. Katika njia zote mbili yeye husoma maneno. Programu iliyoelezwa kuwa ni "suluhisho bora la kidijitali" haimpi cha kushika. Iliyoandika kwamba inakokotoa bei ya dhahabu kwa gramu, kwa shilingi, kulingana na usafi, na kwamba inatumia wakia ya gramu 31.1, imemjibu muulizaji kabla hajauliza.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao ulionyesha kuwa maandishi yenye takwimu, nukuu na vyanzo yanaweza kuongeza nafasi ya kuonekana katika majibu ya mashine hizo kwa hadi asilimia 40. Kurundika maneno yale yale ya kutafutiwa hakukuwa na msaada wa maana.

Aidha, maelezo yaliyofungwa ndani ya picha ya tangazo yanaweza kupotea. Tovuti ya programu inaweza pia kuwa imeizuia mashine bila mwenyewe kujua. OpenAI imeeleza kuwa tovuti inayoikatalia mashine yake iitwayo OAI-SearchBot haitaonyeshwa katika majibu ya utafutaji ya ChatGPT. Fundi wa tovuti huweza kukagua hilo kwa dakika chache.

Lugha nayo ina bei yake. Mchimbaji wa Geita atauliza kuhusu gramu, marudio na karasha. Mfanyabiashara wa Kahama atauliza kuhusu magunia ya mchele. Maelezo yakiwa ya Kiingereza pekee, huenda maneno hayo yasikutane na swali.

Tahadhari kubwa iko kwenye mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyoendeshwa bila leseni. Msaidizi ambaye maandishi yake yaliishia kabla ya hapo, na ambaye hakutafuta upya, anaweza bado kumsifia mteja programu iliyofungiwa. Kutajwa na mashine si leseni. Anayetafuta mtaji wa mzigo aanzie kwenye orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wenye leseni.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kununua hisa katika kampuni ya programu anaweza kufanya jaribio lisilo na gharama kubwa. Aulize swali la mteja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa wasaidizi wawili, katika siku tofauti na bila kutaja jina la programu. Aandike ni mara ngapi imetajwa, na kama yaliyosemwa kuihusu ni kweli. Isipotajwa, amwulize mwenye kampuni wateja wapya watatoka wapi. Ikitajwa kwa sifa isiyo nayo, atambue kuwa wateja hao watakuja mara moja tu.