Legeza Nyuzi Tatu: Bluzi Chini ya Rwenzori

Mpiga gitaa anayejaribu bluzi kwa mara ya kwanza kwa kawaida hukwama mahali pale pale. Anasikia sauti fulani kwenye rekodi, anaitafuta kwenye gitaa lake, haipati. Freti ya tatu iko chini mno, ya nne iko juu mno. Sauti yenyewe imekaa katikati.

Weusi wa kusini mwa Marekani walilimaliza tatizo hilo kwa mbinu mbili zinazokwenda pamoja. Walibadili mpangilio wa nyuzi hadi gitaa zima, bila kubanwa popote, likawa linaimba kodi moja kamili, yaani mpangilio wa wazi. Kisha, badala ya kubana kwa vidole, wakatelezesha kitu kigumu, yaani slaidi, juu ya nyuzi: kisu, mfupa, shingo ya chupa. Mwanamuziki W. C. Handy alisimulia kwamba mnamo 1903 hivi, akisubiri treni katika kituo cha Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu akibonyeza kisu kwenye nyuzi za gitaa, na mlio ule ukamkumbusha wapigaji wa Hawaii waliotumia chuma.

Je, mbinu hiyo ilitoka Hawaii? Kwa sehemu, labda. Lakini mtafiti Mwaustria Gerhard Kubik, ambaye kuanzia 1959 alijifunza marimba za Kiganda kwa Evaristo Muyinda jijini Kampala, ana hoja nyingine. Katika kitabu chake Africa and the Blues cha 1999 anaonyesha ala za uzi mmoja walizozipiga watoto wa Afrika ya kati: mmoja hugonga uzi kwa vijiti, mwenzake hutelezesha kitu juu yake. Watoto wa Mississippi nao walipigilia waya ukutani na kuutelezea chupa. Wapiga bluzi wengi walianzia hapo, kabla ya kumiliki gitaa.

Kasese, chini ya milima ya Rwenzori nchini Uganda, haiko mbali na habari hii. Bakonzo wa huko wana enzenze, jamaa ya zeze linalojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki: fimbo bapa yenye vinundu vichache vya kubania, na kibuyu cha kukuza sauti. Uzi mmoja hubeba wimbo, mwingine huvuma bila kubadilika. Anayeielewa enzenze ameshaelewa nusu ya gitaa la bluzi, kwa sababu kazi kubwa ya mpangilio wa wazi ni hiyohiyo: kuacha nyuzi nene zivume huku uzi mwembamba ukisema.

Kwa gitaa la kawaida, pa kuanzia ni mpangilio wa G wazi. Nyuzi tatu tu ndizo zinazolegezwa, kila mmoja toni moja. Uzi wa sita ushushwe kutoka E hadi ulingane na uzi wa nne, oktavu moja chini yake. Uzi wa kwanza nao ushushwe kutoka E hadi ulingane na huohuo wa nne, oktavu moja juu. Uzi wa tano ushushwe kutoka A hadi ulingane na wa tatu, oktavu moja chini. Kwa waliopitia kwaya ya kanisa na kusoma solfa, matokeo ni rahisi kukumbuka, kutoka uzi mnene hadi mwembamba: so, do, so, do, mi, so. Kwa kuwa hakuna uzi unaokazwa kupita kawaida, hata gitaa la bei ya chini halipati mzigo.

Baada ya hapo bluzi ya baa 12 inahitaji mahali pachache. Nyuzi zikiachwa wazi ni kodi ya nyumbani. Slaidi ikiwekwa freti ya tano ni kodi ya pili, freti ya saba ni ya tatu, na freti ya 12 inarudisha nyumbani, oktavu juu. Mpangilio wa D wazi (do, so, do, mi, so, do) hufuata mantiki hiyohiyo, ila do iko chini kabisa, na wimbo hupata uzito zaidi. Skip James aliishusha hiyo mi nusu toni, na rekodi zake za 1931 zina huzuni ambayo mipangilio ya furaha haiwezi kuiiga.

Slaidi yenyewe haihitaji kuagizwa nje. Kipande cha bomba la chuma kinachoingia kidole cha mwisho kinatosha, au spana ya boksi ndefu kwa fundi wa bodaboda. Kioo hutoa sauti laini, chuma hutoa kali. Kwa gitaa la ubao mwembamba, chuma ni bora. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kukandamiza. Slaidi hugusa tu, tena juu ya waya wa freti wenyewe, si nyuma yake kama kidole. Kosa la pili ni kuacha nyuzi zipige kelele nyuma ya slaidi. Kidole cha shahada au cha kati kilale hapo kuzinyamazisha.

Sasa ile sauti iliyopotea inapatikana. Kwenye uzi wa tatu wa mpangilio wa G wazi, telezesha kutoka freti ya tatu kuelekea ya nne na usimame kabla ya kufika. Sikio linalikubali jambo hili kwa sababu linaloweza kupimwa. Nusu toni hugawanywa katika senti 100. Mi ya gitaa la kiwandani iko senti 400 juu ya do, lakini mi inayozaliwa ndani ya mtetemo wa uzi wenyewe iko kama senti 386. Sauti ya saba katika mfululizo wa sauti zinazozaliwa humo kwa asili iko kama senti 969, wakati freti inatoa 1,000. Freti ni mapatano ya mafundi, na slaidi hailazimiki kuyafuata.

Kubadili nyuzi si ugeni upande wa pili wa mpaka pia. Bwera, wilayani Kasese, iko karibu kabisa na kituo cha mpakani cha Mpondwe, na ng'ambo ni Kasindi, Kongo, ambako Banande ni ndugu wa Bakonzo. Rumba iliyotoka Kongo ilikuja na ujanja wake, mi-composé: uzi wa nne huondolewa, mahali pake hufungwa uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu, na gitaa linameremeta. Zacharie Elenga, maarufu kama Jhimmy, aliyerekodi Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliitwa mpigaji wa Kihawaii, na jina lake hutajwa mara nyingi katika historia ya mpangilio huo. Anayetaka kuujaribu anahitaji uzi mmoja wa kwanza wa akiba tu.

Jaribio lenye faida kubwa zaidi, hata hivyo, bado linangoja, nalo halitoki Mississippi wala Kinshasa. Ni endara, marimba ya Bakonzo, ambayo mbao zake hulazwa juu ya vigogo vya migomba na kupigwa na watu kadhaa. Mbao zilizokwisha chongwa hazirekebishwi papo hapo kumfurahisha mpiga gitaa, na hazikuchongwa kwa kipimo cha piano. Programu ya simu ya kupimia nyuzi itasema endara imekosea. Wapigaji wa Kasese na Bwera waizime, wakae karibu na wazee wa endara, wakaze na kulegeza hadi nyuzi zikubaliane na mbao, kisha slaidi imalizie penye tofauti ndogo. Na mpangilio utakaopatikana uandikwe, uzi kwa uzi, ili mwingine aweze kuurudia.