Vidole vyenye ganzi huleta ajali



Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ni baridi kali hapa Lubumbashi. Anayetoka komini ya Kenya akipanda kinga, anafika kazini vidole vimekufa ganzi. Mkono wa namna hiyo haukamati freni vizuri, wala haushiki nyundo kwa nguvu.

Mwili ukisikia baridi, hupunguza damu ya mikono ili kulinda moyo na mapafu. Kwa hiyo:

1. Funika kwanza kifua na kichwa, kisha vaa glavu kavu. Glavu yenye maji inaongeza baridi. Karibu na mashine inayozunguka, ivue.

2. Ukifika, weka mikono kwapani. Usiipeleke motoni: mkono wenye ganzi hausikii unapoungua.

3. Usinawe petroli. Inakausha ngozi, inaongeza baridi, tena inawaka.

Na ninyi jamaa nyumbani: msilale na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua watu usingizini. Oteni moto nje, halafu mwingie ndani mkajifunike blanketi.