Binti Aliyekosa Jibu

Baada ya swala ya Isha walitujia wazazi wawili wa hapa Malindi. Walitaka binti yao aache masomo katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Wenzake darasani walimwambia kuwa buibui lake ni kifungo. Alipotaka kujibu, wakacheka. Baba aliona heri ahamie Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani, awe karibu. Tulimkumbusha kuwa huko nako husoma vijana wa kila dini.

Binti mwenyewe tulimuuliza kwa simu. Hakutaka kurudi. Kilichomuumiza, alisema, si kicheko, bali kukosa la kusema. Hapo, akina mama, tuliona haya: ni sisi tuliomhifadhisha juzuu madrasani, tukamzoeza kunyamaza mbele ya wakubwa.

Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kuzuiwa kuingia taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Kujitetea darasani ni juu yake mwenyewe.

Basi sasa kila Alhamisi usiku baba humpigia na kumtupia swali gumu kuhusu dini, kama wale wenzake. Wiki iliyopita alishindwa baba. Mama, twaambiwa, alicheka hadi kanga ikamwanguka.