Je, vyuo vifundishe lugha za kompyuta zinazotakiwa na waajiri?

KIJANA anapochagua chuo cha kusomea kompyuta, swali la kwanza la mzazi huwa moja: je, lugha ya kuandikia programu inayofundishwa huko ndiyo inayotakiwa kazini? Ni swali la haki. Ada ni kubwa, na mhitimu hutarajiwa kujitegemea mara amalizapo masomo.

Wanaotaka vyuo vifuate soko wana hoja nzito. Wahenga walinena kuwa mfuata nyuki hakosi asali. Lugha inayotumiwa na wengi ina vitabu vingi, walimu wengi na nafasi nyingi za kazi.

Tatizo ni kwamba nyuki hawa huhama. Kampuni ya TIOBE ya Uholanzi, inayopima umaarufu wa lugha za kompyuta, iliitaja Objective-C kuwa lugha iliyopanda zaidi mwaka 2011 na tena mwaka 2012. Ndiyo iliyotumika kutengeneza programu za simu za iPhone. Juni 2014, Apple yenyewe ilizindua Swift ili ishike nafasi hiyo. Aliyeanza shahada ya miaka mitatu mwishoni mwa mwaka 2012 hakuwa amehitimu bado.

Nchini Marekani, mtihani wa kompyuta wa Advanced Placement, unaowawezesha wanafunzi wa sekondari kupata alama zinazotambuliwa na vyuo vikuu, ulianza mwaka 1984 kwa Pascal. Mwaka 1999 ukahamia C++, na mwaka 2004 ukachukua Java. Kila mara walimu walilazimika kujifunza upya na vitabu kubadilishwa.

Mwaka 2001, Edsger Dijkstra, mshindi wa Tuzo ya Turing, aliuandikia uongozi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kupinga mpango wa kuiondoa Haskell katika somo la utangulizi na kuiweka Java. Alieleza kuwa chombo anachozoea mwanafunzi hujenga namna yake ya kufikiri, na kwamba Java ilikubalika sokoni kwa nguvu ya matangazo.

Hata hivyo, kutopendwa si kufa. COBOL ilibuniwa mwaka 1959, na vyuo vingi viliacha kuifundisha. Aprili 2020, wakati wa janga la Covid-19, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani wataalamu wa COBOL wajitolee, kwa kuwa mitambo ya zamani ya kulipa mafao ya wasio na kazi ilikuwa imeelemewa na maombi.

Basi chuo kifanye nini? Yapo mambo yasiyochakaa: kuligawa tatizo kubwa katika hatua ndogo, kupanga na kutafuta taarifa, kupima kama programu inafanya kazi sawasawa, na kusoma programu iliyoandikwa na mwingine. Hayo hufundishika kwa lugha maarufu kama Python, na hufundishika pia kwa lugha isiyo na jina. Aliyeyaelewa hujifunza lugha ya pili kwa muda mfupi zaidi kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo umaarufu uwe kigezo kimojawapo, usiwe hakimu. Mzazi anayekwenda kuulizia chuo asiishie kwenye jina la lugha. Aulize pia: mwanangu atafundishwa lugha ngapi, na ile ya kwanza ikipitwa na wakati, atabaki na nini?