Panzi Aliyetiwa Kivuli

Panzi yumo kwenye daftari la bayolojia la sekondari, karatasi zake zimeshageuka rangi ya chai. Nilimwona kwa bahati tu, nilipokwenda kwa mchoraji mmoja jijini Nairobi kuulizia fremu. Mistari ya majina imepigwa kwa rula, bila mishale, kama inavyotakiwa. Ukuzaji umeandikwa: mara mbili. Lakini tumbo! Pingili kwa pingili limetiwa kivuli cha penseli kilichosuguliwa kwa kidole, chini kizito, juu chepesi, utadhani mdudu ataruka ukimgusa. Ukiinamia karatasi unaiona alama ya kidole cha msichana wa miaka 15. Pembeni, kwa wino mwekundu: kivuli hakiruhusiwi. Alama mbili zilikatwa.

Mchoraji, ambaye ndiye msichana huyo, hana kinyongo. Mwalimu alikuwa na haki, anasema. Kivuli huficha viungo, na msahihishaji anataka kuhesabu pingili, si kumwogopa panzi. Kinachomkera ni kwamba shule nzima haikuwa na chumba kingine ambamo kivuli kingeruhusiwa. Tangu utotoni alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, halafu nyuma ya madaftari. Shuleni penseli yake ilipata kibali kwenye bayolojia na ramani za jiografia, basi.

Baadaye akafika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937 na kuwalea wachoraji akina Sam Ntiro na Elimo Njau. Huko, anasimulia, zoezi lililomtoa jasho lilikuwa kuipaka karatasi nzima mkaa, kisha kuutoa mwanga kwa kifutio bila kupiga mstari hata mmoja. Ilimshinda. Kila alipozubaa, mkono ulirudi kulizungushia umbo ule mstari safi wa bayolojia. Alilia chooni, kisha akacheka: sasa alikuwa anakosolewa kwa kutii.

Nilimuuliza ni wangapi darasani kwao sekondari walichora kumshinda na sanaa ikaishia pale. Alitaja wawili. Mmoja hajui aliko.

Siku hizi sanaa imerudi kwenye mtaala wa Kenya, na Jumamosi yeye hufundisha watoto nyumbani. Wazazi humuuliza kama kuchora kutawasaidia kwenye sayansi. Huwajibu ndiyo, uso mkavu kabisa, na karo hulipwa. Kama anawadanganya, hakutaka kuniambia.