Baada ya Moto wa Msamvu

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, likashika moto. Watu zaidi ya 100 walifariki dunia. Majeruhi kadhaa walipelekwa Muhimbili, na jamaa zao wakabaki wakingoja habari.

Mkristo afanyeje na wasiwasi wa namna hiyo? Yesu alipowaonyesha wafuasi wake ndege wa angani, hakuahidi kwamba msiba hautakuja. Alifundisha kuwa mzigo wa kesho haubebwi leo.

Sala haichukui nafasi ya daktari. Humpa mwombaji nguvu ya kulala usiku huu, na alfajiri kupeleka uji hospitali. Basi, ndugu msomaji, ombeni pamoja nyumbani, kila mmoja akiitaja hofu yake. Hofu iliyotajwa imekwisha pata wachukuzi.