Seli Nyeupe na Sahani ya Kariakoo

Mjini tukizungumzia kisukari, lawama huenda kwa sukari au kwa ukoo. Zote mbili hazitoshi kueleza kilichoonekana Ilala, Dar es Salaam, jirani kabisa na Kariakoo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, karibu watu 6 kwa kila 100 waliopimwa huko walikuwa na kisukari. Katika kijiji cha Shari, Kilimanjaro, hawakufika 2. Unene na kukaa bila kutumia nguvu vilichangia. Lakini unene unaizuiaje insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu? Sehemu kubwa ya jibu imo katika seli nyeupe za damu. Mafuta ya mwili yanapojaa, seli hizi humiminika humo zikiwa zimechachamaa. Huongeza kasi ya kuvunja glukosi, na humwaga kemikali kama TNF. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake walionyesha kwamba TNF hutoka kwenye mafuta ya panya wanene, na ikizimwa, insulini hufanya kazi vizuri zaidi.

Sasa itazame sahani ya mchana kwenye mitaa ya Kongo na Msimbazi, Kariakoo: chipsi mayai iliyotoka kwenye mafuta yaliyorudiwa tangu asubuhi, tomato imemwagwa juu, soda baridi pembeni. Mlo wa aina hiyo unaweza kuzigeuza seli nyeupe hata kabla mtu hajawa mnene. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha jaribio la wanaume 77 wenye afya wa Kilimanjaro. Waliozoea ndizi, kunde na mboga za majani walihamishiwa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili. Dalili za kinga kuchachamaa zikapanda, na seli zao nyeupe zikawa legevu zilipokutanishwa na vijidudu. Waliokwenda upande wa pili, kwenye vyakula vya asili, walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Damu ya ukoo haibadiliki kwa wiki mbili.

Wapo watakaosema dawa ya canakinumab ilituliza kinga ya maelfu ya wagonjwa wa moyo bila kuzuia kisukari kipya. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzito. Lakini dawa ile huzima kemikali moja tu kati ya nyingi, huku kinachozichochea seli kikiendelea kuingia kila siku mdomoni. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba jaribio la Kilimanjaro lilikuwa fupi, la wanaume peke yao, wala halikufuatilia nani ataugua. Kwa hiyo linalofuata lifanyike hapa Kariakoo, ambako magimbi, mihogo na ndizi huuzwa: wanawake na wanaume, miezi sita, insulini ipimwe pamoja na seli nyeupe, na chakula kipikwe na mama ntilie walewale, kwa bei ambayo machinga anaimudu.